Kabla hujafungua daftari la parokia

Kila mwaka wanaingia wapya kusoma habari za maskini wa Uingereza kabla ya sheria ya 1834 iliyobadili mfumo wa misaada, enzi ambazo kila parokia ilibeba maskini wake yenyewe, na kila mwaka makosa ni yale yale. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini wasimamizi wenu wamechoka.

1. Pesa. Pauni ni shilingi 20, shilingi ni peni 12. Sisi tuliozoea shilingi ya senti 100 tunaponzwa hapo: mjane anapewa shilingi 1 na peni 6 kwa wiki, mtu anaingiza 1.6 kwenye jedwali, halafu anashangaa jumla kugoma. Geuza kila kitu kiwe peni kwanza. 18 mara wiki 52 ni 936, yaani pauni 3 na shilingi 18.

Tena hizo wiki zenyewe zihesabu. Kwa sheria ya 1601 waangalizi wa maskini, yaani wale waliogawa msaada wa parokia na kuandika hesabu zake, waliteuliwa kila mwaka wakati wa Pasaka, kwa hiyo hesabu nyingi zinatoka Pasaka hadi Pasaka, na Pasaka inahama. Upo mwaka wa wiki 50, upo wa wiki 55. Matumizi yakipanda kwa asilimia kumi, usikimbilie kuandika sura nzima kuhusu njaa.

2. Tarehe. Kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi. Hati ya 10 Februari 1723 kwetu ni ya 1724. Twende.

3. Makazi ya kisheria, yaani parokia ambayo kisheria ndiyo yenye wajibu wa kumsaidia mtu. Hapa ndipo tasnifu zinapozama. Mtu anaona hati ya mahakimu ya kuiondoa familia na kuipeleka parokia nyingine, anaandika "walirudishwa walikozaliwa". Nani kakwambia? Pengine hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga huko!

Chukua kijana aliyezaliwa parokia A. Hajaoa, hana mtoto. Mkulima wa B anamwajiri kwa mwaka mzima, naye anaumaliza: kwa sheria za 1691 na 1697, makazi yake sasa ni B. Anahamia C, anaoa binti wa hapo hapo C, wanazaa watoto watatu, kisha anafariki. Mjane anaomba msaada. Mahakimu wawili wanamhoji, na hati inatoka: yeye na watoto waende B. Mke alichukua makazi ya mume, watoto wa ndoa wakachukua ya baba. Mama wa watu kazaliwa C, kaolewa C, na C ndiyo inayomfukuza. Kama alikuwa na mtoto wa nje ya ndoa aliyezaliwa C, huyo makazi yake ni C. Ndiyo maana majina kwenye hati wakati mwingine hayalingani na familia unayoijua.

Basi soma mahojiano kabla ya hati. Angalia aliajiriwa lini na akaondoka lini, maana waajiri walijua kuandika mkataba wa wiki 51 ili parokia isije ikabeba mzigo. Kisha geuza hati uangalie nyuma: tangu 1795 mgonjwa aliweza kuahirishiwa safari, na parokia iliyopinga ilikata rufaa kwenye mahakama ya robo mwaka, kikao cha mahakimu cha mara nne kwa mwaka. Hati iliyoandikwa si mtu aliyeondoka. Na usilinganishe idadi za kabla na baada ya 1795 kama kitu kimoja: awali, kwa sheria ya 1662, mgeni aliweza kuondolewa kwa kuhofiwa tu kwamba atakuja kuomba, baadaye ilibidi awe ameomba kweli.

4. Nyumba ya kazi, yaani jengo la kuwaweka maskini na kuwafanyisha kazi. Ile ya kutisha mnayoiwaza ni ya baada ya 1834. Hata baada ya sheria ya 1723, iliyoruhusu parokia kumnyima msaada anayekataa kuingia humo, msaada mwingi uliendelea kutolewa majumbani: posho, viatu, kuni, kodi ya nyumba, mazishi.

5. Speenhamland. Ulikuwa uamuzi wa mahakimu wa wilaya ya Berkshire, 6 Mei 1795, wa kujazia ujira mdogo kwa kufuata bei ya mkate, si sheria ya nchi. Mkate wa galoni, mkubwa wa karibu kilo nne, ukiuzwa shilingi 1, mwanamume alistahili shilingi 3 kwa wiki, mke na kila mtoto shilingi 1 na peni 6. Mwenye mke na watoto wawili: shilingi 7 na peni 6, ujira wake ukiwemo. Akilipwa shilingi 6, parokia inajaza pengo. Usipoziona nyongeza za namna hiyo kwenye daftari lako, usizitungie.