Korongo mwenye mdomo mpana anavuaje gizani?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi navua kaa na kamba kwenye mikoko ya Chwaka. Nimetumiwa kwenye simu picha ya korongo wa Amerika anayevua usiku, mdomo wake mpana ajabu. Yangeyange wetu wana mdomo mwembamba uliochongoka, na wanavua mchana. Huyu anakamata vipi samaki gizani? Na hapa kwetu yupo?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hapa kwetu hayupo. Jina lake la kitaalamu ni Cochlearius cochlearius, na anaishi Amerika tu, kuanzia Meksiko hadi kaskazini mwa Argentina. Lakini ukifika anakoishi hutajiona mgeni: mikoko, tope na vijito.

Mtazame yangeyange maji yakikupwa. Anamwona samaki, anatulia, kisha shingo inafyatuka. Shabaha ile inataka mwanga. Usiku samaki ni kivuli tu, na mdomo mwembamba ukienda pembeni kidogo, umekosa. Huyu mdomo wake una urefu wa sentimita 7 au 8 na upana unaokaribia 5, kama upawa, kwa hiyo hata shabaha ikipotea kidogo kamba bado anaingia. Husimama ukingoni au hunyatia kwenye maji madogo, kisha huchota kwa ghafla, maji na kilichomo. Hula vijisamaki, kamba, kaa, vyura na wadudu.

Si kwamba anachota tu. Waliomchunguza wamemwona pia akidona kama korongo wengine, na wapo wataalamu wanaosema upana ule una kazi nyingine, kwa sababu dume na jike huugonganisha mdomo kwa kelele wakati wa kuzaliana. Mimi naegemea kwenye kuchota. Korongo weupe wa Ulaya nao hugonganisha midomo, na yao ni mirefu na myembamba.

Macho yake ni makubwa mno, na jicho kubwa hukusanya mwanga mwingi. Mchana hujificha kwenye matawi yaliyofungamana, hutoka jua likishazama. Faida yake wewe unaijua kuliko mimi: kamba wengi hujifukia kwenye tope mchana na kutoka usiku. Tena saa hizo korongo wa mchana wamelala, hagombani na mtu.

Jamaa yake, korongo wa usiku mwenye utosi mweusi, yeye yupo Tanzania. Mdomo wake ni wa kawaida, mnene kiasi. Aliyekomaa ana utosi na mgongo mweusi, mabawa ya kijivu, macho mekundu, na manyoya mawili matatu meupe marefu yanayoning'inia kisogoni. Kinda ni kahawia mwenye madoadoa meupe, na wengi humdhani ndege mwingine kabisa. Ukisikia usiku sauti moja kavu, "kwak!", ikipita juu ya kijito, mshuku huyo kwanza.