Eyam, kijiji kilichojifungia: maswali yenu

Tangu nilipogusia Eyam, kijiji cha Derbyshire nchini Uingereza kilichojifungia wakati wa tauni ili ugonjwa usienee kwa jirani, maswali hayajakatika. Najibu haya.

Ni kweli kijiji kizima kilikufa?

Hapana. Nimeshalijibu, na bado linaletwa na watu ambao hawajasoma hata ukurasa mmoja. Idadi inayotajwa kwa kawaida ni vifo 260, kuanzia Septemba 1665 hadi Novemba 1666. Waliopona walibaki palepale wakalima.

Tauni ilifikaje huko vilimani?

Kwa masimulizi ya kijiji, ilikuja na robota la vitambaa kutoka London, lililotumwa kwa mshonaji. Vitambaa vilikuwa na unyevu, vikaanikwa karibu na moto, na viroboto vikatoka. George Viccars, msaidizi wa mshonaji huyo, alizikwa tarehe 7 Septemba 1665.

Mchungaji Mompesson aliwezaje kuwashawishi watu wote peke yake?

Hakuwa peke yake, na hapa ndipo ninapokasirika. William Mompesson, mchungaji wa Eyam wakati huo, alikuwa kijana, mgeni, na waumini wengi hawakumpenda. Waliyemwamini ni Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyepoteza nafasi yake kwa kukataa masharti ya Kanisa la Uingereza baada ya 1660. Wawili hao walitofautiana kabisa katika imani, lakini Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya watu na kuwaomba wasitoke. Bila Stanley, sioni nani angesikiliza. Anayeandika habari za Eyam bila kumtaja anamdhulumu.

Na msisahau kwamba Mompesson aliwahamisha watoto wake mwenyewe kabla ya mipaka kufungwa. Mkewe Catherine alikataa kumwacha, akafa Agosti 1666. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa.

Waliishije bila kwenda sokoni?

Afadhali mmoja wenu ameuliza hili. Kila mtu anasifu ujasiri, mkate hautajwi. Mompesson alimwandikia Earl (cheo cha ukabaila) wa Devonshire, aliyekuwa na jumba lake Chatsworth, maili chache tu kutoka hapo, naye akakubali kutuma chakula na dawa. Vijiji vya jirani navyo vilileta mahitaji na kuyaacha mpakani. Mahali pamoja ni chemchemi iliyo juu ya kijiji, ambayo leo inaitwa kisima cha Mompesson. Mahali pengine ni jiwe la mpaka, kwenye njia ya miguu iendayo kijiji cha Stoney Middleton. Ni jiwe kubwa lililolala majanini, lina matundu sita juu yake. Sarafu za malipo ziliwekwa humo ndani ya siki, kwa kuamini kwamba siki inaua ugonjwa. Mletaji alichukua pesa, akaacha mzigo, akaondoka bila kukutana na mtu.

Mpango huo ndio uliowashikilia. Watu wenye njaa wangetoka usiku, hata wangehubiriwa vipi. Serikali yoyote inayofungia watu majumbani bila kujua watakula nini kesho haina haki ya kutoa mfano wa Eyam.

Wimbo wa watoto wa Kiingereza wa kushikana mikono na kuanguka, "Ring a Ring o' Roses", ulitoka Eyam?

Hapana. Maelezo ya kuuhusisha na tauni yalianza karne ya 20. Acheni kuyasambaza.

Kuna la kuona lisilo la tauni?

Lipo, na wengi hulipita mbio. Msalaba wa mawe wa Waanglo-Saksoni, wakazi wa Uingereza ya kale, ulio kando ya kanisa ni wa karne ya 8 hivi. Tazama pia saa ya jua ya 1775 ukutani mwa kanisa.

Nitawapeleka wanangu. Tuanzie wapi?

Anzeni na makaburi ya Riley (hilo ni jina la shamba), nje kidogo ya kijiji. Huko Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wake sita ndani ya siku nane, Agosti 1666, akiwavuta mwenyewe hadi shambani. Wasomee watoto majina kwenye mawe. Wasiyapande wala kuyakalia.

Kisha rudini kijijini kwenye nyumba zenye vibao vya majina ya waliofia humo. Someni mkiwa barabarani, msichungulie madirishani kama nilivyoona wageni wakifanya. Humo wanaishi watu.