Swichi za mwelekeo katika kifaa cha michezo cha mkononi: ushauri kwa wanaoanza

Wanafunzi wengi wanaoanza kutengeneza kifaa chao cha michezo hushughulika mno na skrini na chipu, kisha swichi za mwelekeo (za juu, chini, kushoto na kulia) wakazichukua mwisho, zozote zitakazopatikana madukani Darajani au Mlandege hapa Zanzibar. Ninawaomba mgeuze mpango huo. Mchezaji huivumilia skrini ndogo, lakini kifaa kinachokwenda kushoto ilhali yeye amebonyeza juu hukiweka chini na hakirejei tena.

Jambo la kwanza la kulishika ni kwamba mwelekeo si vitufe vinne vilivyokaa jirani, bali ni mtambo mmoja. Kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho Gunpei Yokoi wa Nintendo alikibuni na kikatumika katika Game & Watch ya Donkey Kong mwaka 1982, kina sehemu nne za mgusano chini yake na kinundu katikati, ili ncha moja ikishuka ile inayoikabili inyanyuke. Kinundu hicho ndicho kinachozuia kushoto na kulia kubonyezwa kwa pamoja, hali ambayo programu nyingi za michezo hazikuandikwa kuikabili. Kwa hiyo swichi, msalaba na kasha huchaguliwa kwa wakati mmoja, na urefu wa shina la swichi hupimwa pamoja na unene wa kasha kabla ya kununua chochote. Kinundu kikiwa kifupi mno, kidole gumba kitazama katikati na kubonyeza pande zote; kikiwa kirefu mno, msalaba hautazifikia swichi.

Swichi ndogo za kubonyeza zenye ukubwa wa milimita 6 kwa 6 ndizo rahisi kupatikana, na ndani yake mna kibati kilichobinuka ambacho hulia kinapobonyea, baada ya mwendo wa takriban robo ya milimita tu. Kwa macho zote hufanana, ila nguvu zinazohitajika hutofautiana sana: nyingine hutaka gramu 100, nyingine 160, nyingine 260. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mwelekeo kuliko kwa kitufe cha kuwashia, kwa sababu anayekwenda mshazari hubonyeza swichi mbili kwa mpigo mmoja, na nguvu anayotoa hukaribia kuwa maradufu. Swichi ya gramu 260 huchosha kidole mapema, khasa cha mtoto. Ile laini kupita kiasi nayo hubonyea kwa bahati mbaya wakati kidole kinapita kuelekea upande mwingine. Mimi huanzia kati ya gramu 130 na 160. Ikiwa muuzaji hajui nguvu ya swichi zake, iweke moja juu ya mizani ya jikoni ya dijitali, ibonyeze polepole kwa kijiti, na usome namba ya juu kabisa inayoonekana kabla ya kibati kutoa mlio. Pima kadhaa kutoka mfuko uleule, kwani msalaba wenye upande mmoja mgumu kuliko mingine hauna dawa kwenye programu.

Njia ya pili ni mpira wenye vidonge vya kaboni, wa aina ileile iliyomo ndani ya rimoti ya televisheni. Kidonge hushuka na kuunganisha njia mbili za shaba zilizo kwenye bodi. Mpira hubonyea kwa upole, hauna kelele, na mshazari wake ni mwepesi. Kwa michezo yenyewe naupendelea kuliko kibati. Sharti lake ni bodi nzuri. Sisi tunaishi visiwani, hewa ina chumvi na unyevu, na shaba iliyoachwa wazi hubadilika rangi na kuanza kukataa umeme, basi agiza bodi ambayo sehemu za mgusano zimepakwa dhahabu. Rangi ya kaboni pia yafaa.

Kwa sababu hiyohiyo ya chumvi, ukiamua kutumia swichi za kibati, tafuta zilizozibwa, hata kama bei yake ni kubwa na inabidi uzisubiri zivuke kutoka Dar es Salaam. Zisizozibwa zina adui mwingine, nalo ni usafishaji wetu wenyewe: baada ya kulehemu, fundi hupaka spiriti kwa brashi ili kuondoa mabaki ya dawa ya lehemu, na spiriti huyabeba mabaki hayo hadi ndani ya swichi. Zikiwa ni hizo, safisha bodi kwanza, kisha zilehemu mwisho kabisa.

Swichi moja ndogo yenye pande tano (nne za mwelekeo na kubonyeza katikati) inafaa kwa menyu, si kwa mchezo, kwani mshazari wake ni wa shida. Joistiki inastahili pale tu mchezo unapohitaji kasi tofauti kwa kadiri kidole kinavyosogea. Zile za potenshomita (rezista inayobadilika kadiri inavyosogezwa) hulika njia yake ya kaboni na hatimaye huonyesha mwendo hata zisipoguswa. Za sumaku, zinazotumia sensa ya Hall, hazina msuguano katika sehemu ya kupimia, na kwa hiyo hudumu zaidi.

Katika sakiti, kumbuka kwamba mgusano wa chuma hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Soma swichi kila baada ya milisekunde moja na ukubali hali mpya ikidumu kwa milisekunde tano. Picha moja ya mchezo wa picha 60 kwa sekunde huchukua karibu milisekunde 17, hivyo mchezaji hatahisi kuchelewa. Ikiwa chipu yako ni ESP32, usizipeleke swichi kwenye pini 34 hadi 39 bila ya rezista ya kiloomu 10 inayokwenda kwenye volti 3.3, kwa kuwa pini hizo hazina rezista ya ndani na swichi iliyoachiwa itasomeka ovyo.