Mashamba mawili, bima moja?

SWALI: Hujambo Bibi Shamba. Nalima mahindi ekari tatu Njoro, na mbili za kukodi Rongai (ya Nakuru, si ile ya Kajiado). Msimu uliopita mvua ya Rongai ilikatika mahindi yakitoa ndevu. Njoro nikavuna vizuri. Ajenti wa bima anasema tuandike "ekari tano" tu. Rongai ikiharibika tena, si wataniambia Njoro imenitosha? – Mkulima, Njoro

JIBU: Kataa hiyo "ekari tano" kabla hujatoa pesa. Aandike tatu Njoro, mbili Rongai, kila shamba na lokesheni yake. Kisha muulize anakuuzia bima gani.

Kuna ya wastani wa eneo, kama ile ya mpango wa serikali ulioanzia Bungoma, Embu na Nakuru mwaka 2016. Hapo hakuna anayekuja kukagua shamba lako. Wakati wa mavuno hupimwa vipande katika mashamba machache ya eneo hilo. Wastani ukiwa chini ya kiwango cha mkataba, kila mwenye bima pale hulipwa kwa ekari alizoandikisha. Njoro na Rongai zikihesabiwa maeneo mawili, mavuno ya huku hayagusi fidia ya kule. Lakini viwavijeshi wakila shamba lako na majirani wakavuna, hupati hata shilingi. Nilipokuwa afisa wa kilimo nyanjani, wengi walinijia na hasira kwa hilo, na sikuwalaumu: hakuna aliyewaeleza walipokuwa wakilipa.

Kuna na ile ambayo mkaguzi hufika shambani kwako. Hapo hofu yako ina msingi. Tuseme umewekewa kinga ya magunia 14 kwa ekari. Njoro ukapata 22 kila ekari, yaani 66. Rongai 8, yaani 16. Mkataba ukijumlisha, ni 82 kwa ekari tano, zaidi ya 16 kila ekari: hulipwi. Ukitenganisha, Rongai imepungukiwa sita kila ekari, na unafidiwa magunia 12. Marekani mkulima anaweza kuchagua, na anayejumlisha hutozwa ada nafuu. Kwa mvua zinazotofautiana hivyo, mimi ningelipia kutenganisha.

Hukuniuliza, ila Rongai umekodi: uwe na makubaliano ya maandishi na mwenye shamba. Na ukivuna, usichanganye magunia ya mashamba hayo mawili kabla mkaguzi hajayahesabu.