Rangi ya kitako cha bunduki inabanduka, nitumie rimuva?

SWALI: Fundi habari yako, mimi niko Minnesota, jamaa wa kazini ameniuzia Remington 700 yake ya kuwindia kulungu, bunduki yenyewe iko poa lakini kitako ni cha plastiki na alikipiga spray ya kijani sasa inatoka maganda maganda. Nataka kukipiga upya kabla msimu wa Novemba. Nimeambiwa nitoe yote na rimuva, ile dawa ya kuyeyusha rangi, halafu nipulizie tu, basementi iko na nafasi. Na je nikiweka rangi ya chungwa si nitaonekana vizuri na wawindaji wengine?

JIBU: Rimuva iache dukani bwana. Ile dawa mara nyingi haichagui, inaweza kula rangi na plastiki pamoja, na kama kitako ni cha faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi) inaweza kulainisha mpaka gundi yenyewe.

Toa risasi, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu kwa macho na kwa kidole, toa boliti (kile chuma cha kufungia chemba), ndio ufungue skrubu utenganishe chuma na kitako. Sasa kiangalie. Kama kuna mstari wa kiungo unapita chini katikati na huko nyuma ndani ni wazi, hicho kimemiminwa kwenye moldi, na plastiki za aina hiyo nyingi hazipendi rangi, polipropilini ndio mbaya zaidi, rangi inakaa juu juu tu na nadhani ndio iliyompata jamaa yako. Nenda duka la rangi za magari uulize ile dawa ya kushikisha rangi kwenye bampa za plastiki, pulizia hiyo kwanza. Kitako cha faiba hakina hiyo shida, praima (rangi ya msingi) ya kawaida inatosha.

Lakini kazi kubwa ni kuosha, na hapa ndio watu huharakisha. Sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, brashi, kikauke, halafu msasa namba 320 ukiwa umelowa ili vumbi lisiruke (la faiba si la kuvuta), toa inayobanduka, ile iliyoshika vizuri lainisha kingo tu uiache. Osha tena, futa na spirit, na kuanzia hapo usikishike bila glavu. Ziba kwa tepu pale chuma kinapokalia na ule mfereji wa mtutu, maana rangi ikijaa hapo mtutu unagusa kitako na risasi zinahama shabaha.

Basementi hapana. Gesi ya mkebe ikikutana na moto wa boila inaweza kulipuka. Pulizia nje au garaji mlango wazi, siku iko juu ya digrii 10 za Selsiasi, kwa hivyo usingoje Oktoba iishe. Piga rangi kwa tabaka nyembamba nyembamba, na usome mkebe, nyingi zinataka urudie ndani ya saa moja ama ungoje siku mbili, ukirudia katikati inakunjamana. Halafu ikae kama wiki kabla ya kufunga. Na dawa ya mbu yenye DEET isiguse hapo, inaweza kuyeyusha rangi na baadhi ya plastiki.

Chungwa weka ukipenda, kulungu mwenyewe haioni vile sisi tunaiona, ila sheria ya Minnesota inaangalia kofia na nguo ya juu ya kiuno, ziwe chungwa inayong'aa, na tangu 2017 hata pinki inayong'aa inakubalika. Bunduki haihesabiwi.