Mama kakimbia MRI? Hata mi nilikimbia

Mkuu pole, umesema mama kaandikiwa MRI ya kichwa (kile kipimo unalazwa unasukumwa ndani ya tundu la mashine unapigwa picha) na juzi kashuka kitandani kabla hata haijaanza. Msimcheke. Mi na kilo zangu 92 nilikuwa napigwa ya shingo, nikabonyeza kile kipira cha kuita msaada dakika ya pili tu, nilifumbua macho nikakuta dari ya mashine hii hapa puani, pumzi inanirudia usoni ya moto, nikajua nimezikwa mzima. Na hela hawakurudisha.

Mara ya pili nilienda kwingine na kilichonisaidia ni kitu kidogo sana, nilifumba macho NIKIWA BADO NJE, kitanda hakijasukumwa, wakanifunika macho na kanga ya wife iliyokunjwa. Sikuliona tundu kabisa, yani sijui hata niliingia saa ngapi. Kwa mama ni muhimu zaidi maana kichwa kinavalishwa kitu cha plastiki kama kizimba, akikiona tu mmerudi kulekule. Baadhi zina kioo kidogo juu ya macho anaona nje upande wa miguu, wengine wanakipenda, muulizeni mwenyewe.

Halafu mwambieni yule wa mionzi anayepiga picha mapema kwamba mama anaogopa (tunamwita wa mionzi lakini MRI haina mionzi, ni sumaku). Ndo maana wife aliruhusiwa kukaa ndani, akaulizwa kama ana chuma chochote mwilini, kavua hereni, simu kaacha nje, kawekewa vya kuziba masikio na yeye, akawa kanishika kidole gumba cha mguu muda wote. Jamaa naye kila picha ananiambia kwenye spika "hii dakika 4", basi ule mlio wa mashine kama drili ukianza kugonga nahesabu.

Ulizieni pia upana wa tundu, nyingi ni sentimita 60 ila zipo za 70, kwa mtu mwenye mabega kama mimi unaisikia tofauti. Kidonge cha kutuliza aandike daktari wake, msijinunulie duka la dawa, na akinywa awe na mtu wa kumrudisha home.

Mi mwishoni nikapitiwa na usingizi, wife akaona kimya akanifinya kidole akidhani nimezimia, nikashtuka, shingo ikacheza, picha ikarudiwa 😂