Mteja alikuja, lakini hakuja kwangu

Ndugu wahariri wa gazeti, swali lenu kwa wasomaji wiki hii ni fupi: "Je, mradi wako binafsi umewahi kukuletea mteja?" Nimelisoma nikisubiri mteja aidhinishe jalada ambalo alishaliidhinisha, kwa hiyo huenda hasira yangu haikuwahusu ninyi peke yenu. Lakini swali limenikera. Ni sawa na kumuuliza mzazi kama watoto wake wameshaanza kuchangia kodi ya nyumba.

Sisi tunaojitegemea, wachoraji, wapiga picha, wahariri, wasanifu wa kurasa kama mimi, kila tunachogusa kina bei. Simu ya saa nzima ina bei, hata kama hatuthubutu kuidai. Marekebisho yasiyokuwamo kwenye makubaliano yana bei. Kinabaki kitu kimoja tu ambacho hatukuagizwa na mtu, nacho pia kiulizwe kimeingiza nini?

Najua mtakachonijibu, kwa sababu kila kundi la WhatsApp la watu wa kazi zetu lina mtu wa kumtaja Beeple, yule msanii wa picha za kompyuta. Ndiyo, Mike Winkelmann, maana ndilo jina lake halisi, alianza kutengeneza picha moja kila siku tarehe 1 Mei 2007, na mwezi Machi 2021 mkusanyiko wa picha zake 5,000 za mwanzo ukauzwa kwenye mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola milioni 69. Watu huikumbuka hiyo 69. Ile karibu miaka 14 ya kukaa na picha ya leo hadi iishe hakuna anayeitaja. Au watamtaja Stefan Sagmeister, msanifu wa michoro aliyekuwa akifunga studio yake New York kwa mwaka mzima kila baada ya miaka 7, na ambaye amesema mawazo ya mwaka ule ndiyo yaliyolisha kazi za miaka iliyofuata. Vizuri. Mwaka mzima! Wengine wetu tukikaa wiki mbili bila kutuma ankara tunaanza kukagua akiba kwa jicho moja.

Mimi ningeuliza hivi: ni nani anayekuuliza mradi wako umefika wapi? Mteja haulizi, hajui kama upo. Bosi huna. Nyumbani wanakuhurumia tu unavyokesha. Kazi ya mteja ina tarehe na ina mtu wa kukupigia simu tarehe ikipita. Mradi wako hauna hata kimoja, ndiyo maana hufia kwenye folda iitwayo "mpya" ndani ya folda nyingine iitwayo "mpya kabisa".

Angalieni mashindano yasiyo na zawadi yaliyowahi kuwanyanyua watu. Inktober, aliyoianzisha Jake Parker mwaka 2009, ni mchoro mmoja wa wino kila siku ya Oktoba, basi. NaNoWriMo ilianza mwaka 1999 na watu 21 wa San Francisco na viunga vyake, kila mmoja akijaribu kumaliza riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Hakuna polisi wa kuhesabu. Ukiacha siku ya tisa hakuna atakayekushtaki. Watu huendelea kwa sababu wenzao wanaendelea, na wanaona aibu kidogo, aibu ile yenye faida. Ofisi za kushirikiana, "coworking", ambamo watu wa kujitegemea hufanya kazi pamoja, nazo zilianzia hapo hapo. Brad Neuberg alipofungua ya kwanza kwa jina hilo San Francisco mwaka 2005, alisema wazi kwamba alitaka uhuru wa kujiajiri pamoja na mpangilio na wenzake wa ofisini. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwezi wa kwanza hakuna aliyekuja. Nampenda mtu huyu kwa sababu ya ule mwezi wa kwanza.

Sasa nije kwenye kisa, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa kikundi cha watu wanane wa kujitegemea. Tulikutana kwa sababu ya kawaida kabisa: kuulizana nani analipa na nani halipi. Halafu mchoraji akasema tumechoka kuongelea wadeni, tufanye jarida dogo, kila mtu aweke kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Gharama tugawane. Kazi ya kupanga kurasa ikaniangukia mimi, kama inavyoangukia siku zote.

Waliowahi kupanga kijitabu cha pini mbili mgongoni wanajua tatizo lililonifikia. Karatasi ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Vitu vyetu vyote, nikivibana na kuvipanua, vilikuwa kurasa 30. Kurasa 28 hazikutosha. 32 zilibakisha mbili. Nikawaambia kwenye kikao: wapendwa, nina kurasa mbili tupu, na bora zaidi zinatazamana.

Mngedhani nimewaambia nimekuta urithi. Mwandishi wa matangazo akataka ziwe za kujitangaza, kila mtu na namba yake, anwani yake na anachofanya. "Jarida tumelilipia wenyewe," akasema, "angalau lirudishe kitu." Mpiga picha akataka kuongeza picha zake mbili, zile zile nilizokuwa nimeziondoa kwa sababu rangi zake zilikuwa za skrini na kwenye wino zingegeuka matope. Mfasiri akataka shairi. Mimi nilitaka ziachwe nyeupe. Sikuwa na falsafa yoyote, nilitaka tu kwenda kulala. Tukabishana kuhusu kurasa mbili kwa muda mrefu kuliko tulivyobishana kuhusu jarida zima, na katikati ya mabishano yakatoka mambo ambayo hayakuhusu kurasa: nani huwapa wenzake kazi zinazomzidi na nani huzificha, nani aliwahi kupunguza bei ili kumpiku mwenzake. Mtunzi wa muziki wa matangazo alitoka nje akarudi, akatoka tena.

Tulikuwa na dada mmoja mhariri wa miswada. Hakuwa na ukurasa hata mmoja kwenye jarida. Alikuwa amezisahihisha zetu zote, tukamshukuru, na hakuna aliyejiuliza yeye angeweka nini. Kelele zilipopungua akasema, "Kama hamzihitaji, nipeni mimi."

Akatoa daftari. Kwa miaka mingi alikuwa akinakili kitu kimoja tu kutoka kwenye kazi zake: maswali aliyowaandikia waandishi pembeni mwa miswada. Mfasiri, mtu wa sheria kupita wanasheria, akamkatiza kwamba miswada ni mali ya watu. Akajibu kwamba hajachukua sentensi ya mtu yeyote. Maswali ni ya kwake, hakuna mkataba wowote aliosaini uliomnyima, na hakuna jina wala kisa kinachotambulika. Mfasiri akataka kuiona mikataba. Akaonyeshwa, siku ya pili, akaridhika.

Nilizipanga kurasa zile kwa mkono wangu, kwa hiyo nyingine bado nazikumbuka:

Umesema walikuwa watatu. Wa tatu yuko wapi?

Unalijua hili, au umelisikia?

Mvua ilianza kwenye ukurasa wa 12. Bado inanyesha?

Nani alifunga mlango?

Hapa unataka msomaji akubali, au anyamaze tu?

Huyu mama ana jina?

Yalikuwa zaidi ya 40, mfululizo, bila majibu na bila maelezo. Sikuweka pambo lolote. Nilitumia herufi ndogo kuliko ninavyopenda, nikaacha nafasi pana pembeni, mahali ambapo maswali yale yalizaliwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikubishana na mtu kuhusu ukubwa wa herufi. Mpiga picha aliyesoma nakala ya majaribio alikaa kimya, kisha akaniomba nimtolee picha moja katika zile zilizokwisha kuingia, kwa kuwa "haijibu swali lolote". Ikabidi nipange upya karibu nusu ya jarida. Sikulalamika. Nililalamika kidogo.

Jarida likatoka, likagawiwa, watu wakasema hongera kama watu wanavyosema. Halafu mchapishaji mmoja akamtafuta yule dada. Hakutaka kuona orodha ya kazi zake za zamani. Alimtaka "mtu aliyeuliza yale maswali", akampa mfululizo mzima wa vitabu ahariri. Kazi ya miaka, yenye malipo ya awali, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tukikisikia kwa wengine.

Kwa hiyo mnaona nilipojifikisha. Nilianza kuandika ili kuwaambia kwamba swali lenu halifai, na kisa pekee nilichonacho kinalijibu ndiyo.

Lakini ngojeni. Mchapishaji alilipataje jarida? Mtunzi wa muziki, yule aliyekuwa akitoka na kuingia, alikuwa akitembea na nakala kwenye mkoba na kumwachia kila aliyemfanyia kazi, akiwafungulia ukurasa wa maswali, siyo wa kwake. Sidhani kama aliwahi kupata kazi kupitia jarida lile. Sasa nani alileta mteja, mradi au mwenzake? Mimi husema mwenzake. Mradi ungekaa kwenye daftari hadi daftari liishe kama tusingekuwa na kurasa mbili tupu, na kurasa zingekwenda kwa namba za simu kama mwandishi wa matangazo angepata kura moja zaidi.

Na kuna jambo jingine nalazimika kulikubali, ingawa silipendi. Mteja huagiza alichokiona. Ukipanga ripoti za mwaka vizuri, utaletewa ripoti za mwaka hadi uzeeke. Hakuna anayekuja kusema, "Naona una kipaji kingine, hebu tukijaribu kwa fedha zangu." Aliyeajiriwa anaweza kuhamishwa idara, mkubwa wake akamwona, akapanda. Sisi hatuna idara ya kuhamia. Kile usichoagizwa ndicho mahali pekee pa kuonyesha kazi unayoitaka kesho, na kwa maana hiyo nyie wa gazeti hamkukosea sana kuuliza kuhusu wateja. Yule dada alikuwa ameletewa miswada ya kusahihisha alama za nukta na mkato kwa miaka. Hakuna aliyejua kwamba anauliza.

Tahadhari zangu ni hizi, na msizikate kwa ajili ya nafasi. Yule dada hakuiandika ile orodha ya maswali ili aajiriwe. Angeiandika kwa nia hiyo, nadhani maswali yangekuwa ya werevu zaidi na yenye ukweli mdogo. Siwezi kuthibitisha. Wale wengine saba tulikuwa na kurasa nyingi kuliko yeye na simu zetu hazikulia, kwa hiyo yeyote anayewaambia vijana kwamba mradi binafsi ni tangazo la bure aseme pia kwamba matangazo mengi hayaonwi na mtu. Tena halikuwa bure, mpiga chapa alilipwa. Na toleo la pili halikutoka kamwe. Yule dada hakuwa na nafasi tena, mchoraji akapata kazi ya muda mrefu, vikao vikarudi kuwa vya kuulizana nani halipi, kisha vikawa ujumbe tu, kisha salamu za sikukuu. Mteja mmoja mzuri alikula jarida letu. Simlaumu dada, ningefanya vivyo hivyo na mapema zaidi.

Basi mnihesabu miongoni mwa waliojibu ndiyo. Ila msiniweke kwenye orodha ya walioletewa wateja, maana aliyeletewa si mimi. Na kama mna nafasi wiki ijayo, waulizeni wasomaji wenu walishambebea mradi wa nani kwenye mkoba. Hilo nalo nitalijibu, kwa kifupi zaidi.